Nafsi Yako Nayo Ina Haki: Nasaha kwa Wanaowauguza Wazazi

(Darsa iliyotolewa msikitini baada ya swala ya Isha, imeandikwa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Enyi ndugu zangu waumini, wa kiume mlio mbele yangu na wa kike mlio nyuma ya pazia!

Darsa ya usiku huu nimeikusudia zaidi kwa walio nyuma ya pazia, na kwa wale ambao hawakuweza kufika kabisa kwa sababu nyumbani yupo mzee kitandani asiyeweza kuachwa peke yake. Hata hivyo nawaomba wanaume msinyanyuke. Ikiwa katika maneno haya imo lawama, basi sehemu kubwa ya lawama hiyo ni yetu sisi.

SWALI LA DADA YANGU

Mama yetu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito. Sisi ni watoto watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Kazi ya kumuuguza ilimwangukia dada yetu mkubwa, ambaye ni mjane. Hapakuwa na kikao wala makubaliano. Ilionekana tu kwamba ni jambo lake, kwa kuwa ni mwanamke na hana mume. Aliacha biashara yake ya vitumbua. Akawa anamwogesha Mama, anamlisha, anambadilisha nguo na kumgeuza kitandani mchana na usiku. Sisi wengine tulikuwa tukituma fedha kwa simu, tukipiga kusalimia siku ya Ijumaa, na tukijiona tumetimiza.

Siku moja usiku alinipigia. Nilikuwa naandaa darsa ya wanafunzi wangu wa madrasa, na maudhui yake ilikuwa haki za wazazi. Akaniambia kwa sauti ya kilio: "Mdogo wangu, leo nimemkaripia Mama. Alimwaga uji mara ya tatu, nikampigia kelele mpaka akalia. Allah amekataza hata neno 'uff', na mimi nimesema zaidi ya 'uff'. Je, nitaingia motoni?"

Ndugu zangu, mimi niliyekaa miaka kadhaa ugenini nikisoma tafsiri na fiqhi kwa Kiarabu, nilimjibu nini? Nilimsomea aya ya 23 na ya 24 za Suratul-Israa, nikamwambia amwogope Allah na asubiri. Kisha nikakata simu, nikaendelea kuandaa darsa yangu.

Haikupita hata wiki mbili, dada akaanguka jikoni. Shinikizo la damu lilikuwa juu sana, na ilibainika kwamba dawa zake mwenyewe alikuwa ameacha kuzifuata kliniki kwa miezi mingi, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia Mama. Ikabidi nisafiri, nikae na Mama kwa usiku tisa huku mke wa jirani akisaidia kumwogesha. Usiku wa kwanza nililia kwa huruma. Usiku wa pili sikulala. Usiku wa tatu, alipoita mara ya sita au ya saba kabla ya alfajiri, nilimjibu Mama yangu kwa sauti ambayo nisingependa yeyote kati yenu aisikie. Usiku tatu tu! Dada yangu alikuwa na miaka miwili.

AYA NILIYOIACHA

Asubuhi ile nilifungua msahafu pale pale, nikaona kosa langu. Nilikuwa nimeishia aya ya 24. Sikumsomea dada aya ya 25, nayo ndiyo iliyokuwa jawabu la swali lake. Katika aya hiyo Mola wetu anatuambia kwamba Yeye anayajua zaidi yaliyomo nafsini mwetu, na kwamba tukiwa wema, basi Yeye ni Mwenye kuwasamehe sana wanaorejea kwake. Imekuja mara tu baada ya amri ya kuwatendea wema wazazi. Imepokewa kutoka kwa Said bin Jubayr, mwanafunzi wa Ibn Abbas (r.a.), kwamba inamhusu mtu ambaye kwa wazazi wake limemtoka neno la kuteleza, hali ya kuwa moyoni mwake hakukusudia ila kheri.

Tazama upole wa Mola wetu! Ameamrisha jambo zito, na papo hapo amewawekea mlango wa kurejea wale watakaolemewa nalo. Sisi walimu tunausoma mzigo kwa sauti kubwa, na mlango tunaunyamazia. Basi ewe dada, ewe kaka, ambaye umeteleza kwa neno kwa sababu ya uchovu: omba msamaha kwa mzazi wako, hata kama hakuelewi, mbusu mkono wake, leta istighfari, na usikate tamaa. Kisha jiulize swali la pili, ambalo ndilo shina la maneno yetu ya leo: uchovu huu umetoka wapi, na nani aliyekuachia peke yako?

AMRI IMEMSHUKIA KILA MTOTO

Wenye kusoma Kiarabu wataona jambo katika aya ya 23. Katazo la kumwabudu asiyekuwa Allah limekuja kwa kauli ya wingi. Inapofika habari ya wazazi wanaozeeka, maneno yanageuka kuwa ya umoja: mmoja wao au wote wawili wakifikia uzee "indaka", yaani mbele yako wewe mmoja. Kila mtoto amesimamishwa peke yake mbele ya amri hii. Hakuna mtoto wa kiume awezaye kujificha nyuma ya dada yake, wala mwenye mshahara nyuma ya asiyekuwa nao.

Yatupasa pia tulitamke wazi jambo ambalo mila zetu zimelifunika. Wanazuoni wengi wamebainisha kwamba mke hana wajibu wa kisheria wa kuwahudumia wazazi wa mumewe. Akifanya, ni ihsani yake, na ujira wake ni mkubwa. Anayedaiwa ni yule mtoto aliyezaliwa na wazazi hao. Ni mangapi tunayaona: mwanamume amemleta mama yake mgonjwa nyumbani, amemkabidhi mkewe, naye akatoka asubuhi na kurudi usiku, akisifiwa mtaani kwamba anamtunza mamake! Mwenye kusifiwa hajawahi kufua shuka hata moja.

Ama kuhusu mali, Ibn al-Mundhir amenukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba wazazi mafukara wasio na kipato wala mali, nafaka yao ni wajibu katika mali ya mtoto wao. Kwa hiyo fedha unayotuma si sadaka unayostahiki kushukuriwa. Ni deni. Na baada ya deni hilo la mali, bado lipo deni la mikono na la usiku.

KISA CHA MABINTI WA MADYAN

Katika Suratul-Qasas, kuanzia aya ya 23, tunasimuliwa jinsi Nabii Musa (a.s.) alivyofika kwenye maji ya Madyan akiwa mkimbizi, mchovu, hana chochote. Alikuta kundi la watu wakinywesha wanyama wao, na pembeni wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao wasisogee. Musa hakupita akasema hayo ni ya wenyewe. Aliwauliza wana jambo gani. Wakamweleza kwamba hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana.

Fikirini hali ile. Wachungaji walikuwa wengi na wenye nguvu. Kila siku waliwaona mabinti wale, na wala hakuna aliyeuliza. Aliyeuliza ni mgeni mwenye njaa. Akawanyweshea, kisha akaenda zake kivulini, hakungoja shukrani.

Kisa hakikuishia hapo. Katika aya ya 26 mmoja wa mabinti anamshauri baba yake amwajiri Musa, kwa kuwa mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Binti huyu alikuwa mwema kwa baba yake, na wema wake haukumzuia kusema kwamba kazi inahitaji mtu mwingine. Baba naye hakumwita mvivu. Aliafiki, na mapatano yakawa ya miaka minane, au kumi kwa hiari ya Musa. Basi kutafuta msaidizi, hata wa kulipwa, si upungufu wa mapenzi kwa mzazi wala si aibu ya ukoo.

MWILI WAKO NAO NI AMANA

Wapo wanaodhani kwamba kadiri mtu anavyojitesa ndivyo ibada yake inavyokuwa kubwa. Hadithi sahihi zinatufundisha kinyume chake. Salman (r.a.) alipomzuru Abu Dardaa (r.a.), alikuta mke wake amejiachia, kwa kuwa mumewe ameshughulika na funga na kisimamo cha usiku. Salman akamlazimu ale naye, akamlazimu alale mpaka mwisho wa usiku, kisha akamfahamisha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alisema kwamba Salman amesema kweli.

Na siku moja Mtume (s.a.w.) aliona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili za msikiti. Akaambiwa ni ya Zaynab (r.a.), akichoka katika swala huishikilia. Akaamuru ifunguliwe, na akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka apumzike. Hiyo ni swala, enyi ndugu, na kamba imefunguliwa! Ni wangapi majumbani mwetu wanaoning'inia kwenye kamba kama ile kwa sababu sisi tumekataa kusimama mahali pao japo usiku mmoja?

Wala asidhani anayeuguza kwamba yuko nyuma katika dini kwa kukosa darsa na jamaa. Mwaka wa pili wa Hijra, Uthman bin Affan (r.a.) hakwenda Badr kwa sababu mkewe Ruqayya (r.a.), binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume (s.a.w.) ndiye aliyemwacha amuuguze, na akamhesabia ujira na fungu la aliyehudhuria vita. Na Ibn Umar (r.a.) aliposikia siku ya Ijumaa kwamba Said bin Zayd (r.a.) ameugua, alipanda mnyama wake akamwendea na kuiacha Ijumaa. Zingatieni kwamba aliyeacha Badr ili kuuguza alikuwa mwanamume.

Wataalamu wa tiba nao wameligusa jambo hili. Mwaka 1999, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha utafiti wa Richard Schulz na Scott Beach, waliowafuatilia kwa miaka minne wazee wanaoishi na wenzi wao wa ndoa. Waliokuwa wakiwauguza wenzi wao huku wakielemewa na kazi hiyo, hatari yao ya kufariki ilikuwa kubwa kwa asilimia 63 kuliko ya wale wasiokuwa na mgonjwa. Waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na ongezeko kama hilo. Ajali iko mkononi mwa Allah, lakini tumeamrishwa kuziangalia sababu, na sababu hapa ni kule kuelemewa.

DALILI ZA KUELEMEWA

Anayeuguza ajikague, na ndugu zake wamkague, katika mambo haya:

1. Usingizi umekatika, hata mgonjwa anapolala yeye hawezi kulala.
2. Hasira za ghafla kwa mgonjwa, kwa watoto na kwa mume, kisha majuto na kilio.
3. Anasahau rakaa, anasahau dawa, anaunguza chungu.
4. Ameacha kliniki yake, dawa zake, na hata kula kwa wakati.
5. Haendi arusini wala msibani, na akitembelewa hana la kusema.
6. Anajikuta akitamani mgonjwa afe, kisha anajiona kafiri kwa wazo hilo.

Hili la sita wengi wanalificha. Wazo lililopita moyoni bila kulitenda wala kulisema, Allah ameusamehe umma huu, na hadithi yake ni sahihi. Wazo hilo ni king'ora cha mwili uliochoka. Lakini ikiwa umefikia kutaka kumpiga mgonjwa, au kutaka kuidhuru nafsi yako, usibaki peke yako. Mlaze mgonjwa salama, toka chumbani, mwite mtu saa hiyo hiyo, na uende hospitali ukamweleze daktari.

Na ikiwa mzee amepoteza kumbukumbu, anauliza jambo moja mara kumi, anakutuhumu kumwibia, anataka kutoka usiku, usidhani anakukomoa, na usikimbilie kwa waganga kutafuta aliyemroga. Qur'an imetaja katika Suratun-Nahl, aya ya 70, kwamba wapo wanaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga na hali hiyo. Ni maradhi ya ubongo. Mpeleke hospitali, na usibishane naye, kwani ubishi utakuchosha wewe na kumtisha yeye.

YATUPASA TUFANYE NINI?

Kwanza, ukoo ukae kikao. Andikeni kazi zote: kuoga, kulisha, dawa, kufua, kliniki, usiku. Kisha gawanyeni kwa siku na kwa majina. Aliye mbali na asiyeweza kuja alipe mshahara wa msaidizi mwaminifu. Ulezi wa usiku ndio unaovunja mwili, kwa hiyo usiku uwe wa zamu kabla ya jambo jingine lolote.

Pili, anayeuguza awe na siku moja kila wiki isiyokuwa na mgonjwa, nayo iheshimiwe kama ada ya nyumba. Asiulizwe anakwenda wapi wala asitumwe sokoni.

Tatu, kazi ifanywe kwa elimu. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia, na anapofundishwa hilo hospitalini wafundishwe watoto wawili au watatu, si mmoja. Kumnyanyua kuwe kwa watu wawili wanaoshika shuka pande mbili, wakikunja magoti bila kupinda mgongo. Migongo mingi ya mabinti zetu imeharibika kwa kunyanyua peke yao. Na sitara ya mgonjwa ihifadhiwe, wanawake wahudumiwe na wanawake kila inapowezekana.

Nne, anayeuguza apime shinikizo la damu, ale pamoja na mgonjwa badala ya kula makombo, na alale mgonjwa anapolala. Akusudie kwa usingizi huo kupata nguvu za kumtii Allah, nao utaandikwa katika mizani yake.

WAJIBU WA MSIKITI

Nawageukia wazee wa kamati. Tunayo daftari ya michango ya saruji na ya feni. Naomba tuwe na daftari nyingine, ya nyumba zenye mgonjwa wa kitandani katika mtaa huu, na jina la anayemuuguza kila nyumba. Akina mama wa darsa wapange zamu ya saa mbili kwa wiki kukaa na mgonjwa ili mwenye nyumba apate kulala au kwenda kliniki. Vijana wabebe maji na wafuatilie dawa. Aliyeacha kazi yake ili auguze, naye akawa fakiri, aangaliwe katika zaka.

Na tunapokwenda kumtazama mgonjwa, tusiwe mzigo wa pili. Tusikae saa mbili tukisubiri chai. Tumuulize anayeuguza lile swali la Nabii Musa: mna jambo gani? Kisha tusingoje jibu la adabu kwamba ni salama tu. Tuchukue ndoo, tufue.

Jambo moja linanisikitisha. Mzee akifariki, watoto hutoka kila mji. Maturubai hupatikana, na mchele, na ng'ombe. Fedha inayotumika kwa siku tatu ingetosha kumlipa msaidizi kwa mwaka mzima, na yule mzee asingelala na kidonda mgongoni, wala binti yake asingeanguka jikoni. Wema kwa wazazi una wakati wake, na wakati huo ni huu, wangali wanaweza kutushika mkono.

KHITIMISHO

Ndugu zangu, Mama yetu angali hai, Alhamdulillah. Tulikaa kikao, wote watano. Dada anafuata kliniki yake, na siku mbili kwa wiki yuko kwenye jiko lake la vitumbua. Mimi nimemwomba radhi kwa ile aya niliyomficha, naye amenisamehe na kunitania kwamba sasa nimeisoma tafsiri kwa vitendo. Niliomba uhamisho wa kufundisha karibu, na usiku wa Jumatano umekuwa wangu.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape wanaowauguza nguvu za mwili na utulivu wa nyoyo, atusamehe tulioteleza kwa maneno na tulioteleza kwa kukaa mbali, na awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Aamin.

Maswali nitayapokea Ijumaa inshaallah. Leo ni Jumatano, na Mama hapendi kuchelewa kugeuzwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.